Vigingi vya Uwanja Mpya

Juzi wapima ardhi walipigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu kwenye kibanja chetu cha Ijuganyondo, wakisema mji unahitaji uwanja mpya wa mpira. Ghafla nikasikia harufu ya kahawa iliyoanikwa mchana ule wa utotoni, walipokuja wapimaji wengine na vigingi vyao na habari hiyo hiyo.

Kwetu mpaka hupandwa: unachomeka tawi la mlamula, linaota. Basi niliamini vigingi navyo vingeota, uwanja uchipuke wenyewe pamoja na majukwaa yake. Nikachukua kopo, nikavimwagilia. Bibi siku hiyo hakutulia. Alikaa, akasimama, akachungulia migombani.

“Unafanya nini, mwanangu?”

“Namwagilia uwanja, Bibi, uote haraka.”

Akatazama kaburi la Babu, lililokuwa katikati ya vigingi. “Na Babu yako je?”

“Atakaa mbele kabisa, aone magoli yote.”

Bibi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitenge. Nilijisifu kwamba nimemfurahisha.

Uwanja ule haukujengwa. Bibi sasa amelala kando ya Babu. Mpira naupenda mpaka leo, lakini tangu wapimaji wa juzi waondoke nakaa, nasimama, nachungulia migombani.