Siku Mama Alipomsahau Dotto Mnadani

Harufu ya maharage yanayoungua hunirudisha nyumbani kwetu Kharumwa, mwaka ule baba alipofukiwa na kifusi ndani ya duara, shimo walilokuwa wakichimba dhahabu yeye na wenzake. Baada ya mazishi mama hakulia. Alianza kazi. Alikaanga maandazi, akashona sare za shule, akauza vitenge, na yote hayo aliyafanya kwa mkupuo, simu ameibana kati ya sikio na bega. Maharage yaliungua karibu kila siku, tukayala hivyo hivyo. Chai iliwahi kutiwa chumvi. Jioni moja alimwogesha Kulwa mara mbili, pacha wake Dotto akaenda kulala na vumbi lake, amefurahi kweli kweli. Majirani walisema mshika mbili moja humponyoka. Bibi, mama yake baba, akawajibu, “Huyu mkwe wangu kashika kumi.”

Mimi nilikuwa darasa la tano, na niliona mama yangu ni shujaa.

Siku moja ya mnada aliondoka na mapacha wote wawili. Mchana akarudi, beseni la vitenge kichwani, Kulwa mgongoni, simu sikioni. Akatua beseni, akaanza kukanda unga.

“Mama, Dotto yuko wapi?”

“Yupo.”

“Yupo wapi?”

Akamwambia mteja kwenye simu kwamba sare za bluu zimeisha. Kisha mikono yake ikasimama ndani ya unga.

Tulikimbia, yeye mbele, mimi nyuma. Mnada ulikuwa unavunjika. Ng'ombe wanapakiwa, malori yanarudi kinyumenyume katikati ya vumbi lisiloonyesha mtu. Mama hakupiga kelele wala hakumwita mtoto. Alichungulia chini ya kila lori, moja baada ya jingine, kama mtu anayetafuta kiatu. Tulimkuta Dotto chini ya meza ya muuza dagaa, amelala na kipande cha muwa mkononi.

“Ni wako huyu?” mama wa dagaa akauliza. “Alilia mpaka sauti ikakauka.”

Mama alimbeba bila hata asante. Tulipofika nyumbani akarudi moja kwa moja kwenye unga wake. Bibi akamnyang'anya simu, akamwagia moto maji.

“Kaa chini, Mama Kulwa.”

“Mama, unga utaharibika.”

“Uharibike.”

Akakaa sakafuni, Dotto mapajani, mikono yenye unga uliokauka ameinyoosha kama si yake. Halafu ikamtoka sauti ambayo hata makaburini sikuisikia. Nikamsogelea. “Mama, usilie, Dotto si huyu hapa?” Bibi akanivuta mkono. “Mwache,” akasema. Nilichukia. Niliona ni ujinga kumlilia mtoto aliyekwisha kupatikana, tena anayekula muwa.

Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakuwa akimlilia Dotto. Zile kazi zote zilikuwa uzio; kila aliponyanyua mkono kutoka kwenye moja alihitaji nyingine iwe tayari, ili baba asipate pa kupita.

Bibi alifariki mwaka jana. Nilirudi kazini hapa Shinyanga mjini kabla matanga hayajaanuliwa, nikajipachika kila jukumu lililokosa mtu. Wenzangu wananisifu kwa uchapakazi. Wiki iliyopita mwanangu aliniita mara kadhaa mezani, nikamjibu, “Yupo.”

Hakuwa ameuliza kuhusu mtu yeyote.