Mzee Gundi na Mfuko Usioguswa

Wanafunzi walimwita Mzee Gundi kwa sababu vidole vyake havikukosa gundi kavu mwaka mzima, na yeye hakujali. Kazi yake ilikuwa kujalidi tasnifu katika chumba cha chini cha maktaba ya chuo kikuu: kushona kurasa kwa uzi, kuzibana kwenye kibanio cha chuma, kuzivika jalada la kitambaa cheusi na kupiga jina la mwenyewe kwa herufi za dhahabu. Mwanafunzi anayeleta tasnifu huwa hajalala siku tatu, na mtu ambaye hajalala siku tatu hana siri. Mzee Gundi alisikiliza huku anashona. Aliyeangua kilio alimpandisha ghorofa ya pili, kwenye Chumba cha Sala, ambacho funguo zake alikuwa nazo yeye kwa sababu makanisa sita yenye chumba hicho yalishindwa kuelewana nani mwingine azishike.

Humo ndani alikaa Dada Mlezi, binti aliyehitimu hapo hapo chuoni. Kwa miaka miwili alikuwa akiwapokea wanafunzi bila kulipwa hata nauli, jioni akifundisha watoto wa watu hesabu ili apate kodi ya chumba. Kuhubiri hakujua, na hiyo ilikuwa heri kubwa kwa waliokuja kwake. Alijua kukaa na mtu. Aliyefeli, aliyepata mimba, aliyekula mara moja tangu juzi, aliyeamka asubuhi akakuta hamwamini Mungu tena, wote aliwawekea kiti. Lakini maji yalimfika shingoni. Alimwambia Mzee Gundi kuwa mshahara usipopatikana kabla muhula haujaisha, angekwenda kuuza vigae katika duka la kaka yake.

Mshahara huo ndio uliokuwa kazi ya Kamati ya makanisa hayo sita. Kamati ilikuwa na watu kumi na wawili, wawili kutoka kila kanisa, ili mmoja amchunge mwenzake. Ilikwisha kupitisha kwamba utaanzishwa mfuko wa kudumu wa kuwalea wanafunzi Wakristo wa madhehebu yote: fedha yenyewe isiguswe milele, faida yake tu ndiyo imlipe mlezi. Wazo zuri, hakuna anayebisha. Ila kila kikao kilifunguliwa kwa sala sita, maana hakuna kanisa lililoiamini sala ya jirani yake kuwa inafika, na hadi ya sita inaisha, nusu ya wajumbe walikuwa wanatazama saa. Kwa miaka minne walichofanikiwa kutoa ni karatasi ya barua yenye nembo sita. Walizipanga kwa mstari, wakagombana nani atangulie. Wakazipanga kwa duara, wakagombana nani akae juu.

Mzee Gundi akachoka kusubiri. Alikuwa na majina na simu za watu wote aliowajalidia kwa miaka thelathini, akaanza kuwapigia, mmoja mmoja, baada ya kazi. Madaktari, wahandisi, walimu wa shule za mbali, mhasibu mmoja aliyewahi kulala kwenye sakafu ya karakana yake akingoja gundi ikauke. Aliwakumbuka kwa mada zao. Hakuwapaka mafuta wala hakuwatolea mahubiri. Kila mmoja alimwambia neno moja tu, kwamba pesa yake itamweka mtu ndani ya kile chumba, na aliwapa neno hilo kwa dhamana ya jina lake. Mwaka na miezi miwili mfuko ukajaa. Kamati ikapiga picha na hundi ya maboksi yenye ukubwa wa mlango, na Mzee Gundi akaombwa asogee kidogo pembeni asizibe nembo.

Kisha wakamwita Dada Mlezi kwenye usaili. Mwenyekiti, mhadhiri mstaafu wa sheria aliyependa sauti yake kuliko chakula, alimuuliza alibatizwa lini. Binti wa watu akajibu bila kuficha: alinyunyiziwa maji akiwa mchanga katika kanisa la baba yake, na alipofika miaka kumi na tisa akazamishwa mtoni katika kanisa la mama yake. Alidhani amewaridhisha wote. Wajumbe wa makanisa matatu walisema ubatizo wa pili ni kuutukana wa kwanza. Wajumbe wa makanisa matatu mengine walisema wa kwanza haukuwa ubatizo, na kwamba kwa kuutaja tu ameonyesha bado anauthamini. Kura zikagawanyika sita kwa sita. Watu waliokuwa hawajakubaliana lolote tangu wazaliwe wakakubaliana papo hapo kwamba nafasi ibaki wazi mpaka muafaka upatikane, na kwamba faida ya mwaka wa kwanza igharamie semina ya siku tano hotelini ya kuutafuta huo muafaka.

Mzee Gundi alikwenda nyumbani amevimba kwa hasira. Alimweleza mkewe kwamba ametumika kama kamba ya kuvutia ng'ombe wa wengine. Mkewe, aliyekuwa anapasi, alimuuliza kama wale watu kumi na wawili wamewahi hata siku moja kukaa na mwanafunzi anayelia. Akasema hajawahi kuwaona. Mkewe akasema basi asimpotezee usingizi kwa habari zao, ila yule binti asiachwe aende.

Habari za semina zikawafikia wachangiaji, simu zikaanza kulia kwa Mwenyekiti, na Kamati ikaitisha kikao cha dharura, Mzee Gundi naye akaitwa. Baada ya sala sita, Mwenyekiti akatoa busara zake: Mzee Gundi awe mlezi wa muda, wachangiaji wanampenda, na hana mgogoro na kanisa lolote. Wote kumi na wawili wakanyoosha mikono. Katibu, kwa kukamilisha fomu tu, akauliza mzee ni wa kanisa gani.

Kila mjumbe alimwangalia mwenzake, maana kila kanisa, miaka yote hiyo, lilidhani ni wa lile jingine.

"Sijabatizwa," Mzee Gundi alisema. "Baba alitaka ninyunyiziwe, mama alitaka nizamishwe nikikua. Waligombana mpaka wakafa. Nikaona nikichagua kwa mmoja, nimemkana mwingine kaburini. Namwomba Mungu hivyo hivyo."

Mzee akaendelea, bila kupandisha sauti:

"Yule binti anao mara mbili, mimi sina hata mara moja. Tujumlisheni mtugawanye, kila mmoja wetu atapata wake. Au niwapigie waliotoa pesa niwaulize wao."

Alicheka mjumbe mmoja tu, kisha akajikohoza. Haikuwa huruma iliyowalainisha, tusidanganyane. Ilikuwa woga wa watu kujua kwamba mfuko wao mtakatifu ulijazwa na mtu asiyebatizwa. Kabla ya saa moja Dada Mlezi alikuwa ameajiriwa kwa kura kumi na mbili, na katibu akaagizwa asiandike neno la mzee.

Jumatatu barua ya ajira ilifika. Sharti la tisa, lililoongezwa na Mwenyekiti kwa mkono wake, lilisema asiyebatizwa hatashika jukumu lolote katika Chumba cha Sala wala kuwaleta wanafunzi humo. Dada Mlezi alishuka nayo karakana, akaiweka mezani, akasema hatii saini. Afadhali vigae.

Mzee Gundi aliisoma mara mbili. Ilimuuma, na hakujitia hamnazo kwamba haimuumi.

"Tia saini, mwanangu," alimwambia, akampa kalamu. "Kuna mtoto amekaa pale ngazini tangu asubuhi, na mimi siruhusiwi kumpandisha."