Mstari kwenye Kioo cha Babu

Nakumbuka siku moja ya mwaka jana, mwanangu. Hujazaliwa bado, najua, lakini nakuandikia sasa kwa sababu maneno hunikwama mdomoni.

Citoyen, ndivyo tunavyomwita mwalimu wetu wa kemia, alitufundisha habari za almasi nyeusi. Alisema watu huita vitu vingi kwa jina hilo. Wengine huita hivyo makaa ya mawe, kwa sababu ya faida yake. Kule Ulaya kuna uyoga wa bei kali, unaochimbwa ardhini, nao huitwa hivyo. Lakini iko almasi nyeusi yenyewe, ndugu ya zile zinazochimbwa Kasaï, ngumu sana, inayowekwa kwenye vyuma vya kutoboa miamba. Kisha akasema almasi hukwaruza kioo. Nilikuwa na swali. Nikainamisha kichwa, maana darasani waliniita bubu.

Jumamosi, tukitoka shambani Munigi, niliokota jiwe jeusi, zito, linalong'aa upande mmoja. Nikalibeba nikidhani ni almasi. Nyumbani kwetu Keshero kioo kilikuwa kimoja tu, kile kinachofunika picha ya babu, na picha nyingine ya babu hatuna. Nikakwaruza kidogo. Nikakandamiza. Mstari ukatoka shavuni hadi sikioni. Sikufichi: nilifurahi kwanza.

Koko, mama ya baba yangu, alinikuta na picha mapajani. Hakupiga kelele. Nilimweleza yote kuhusu almasi, ambayo yeye huiita diama, sasa nikilia.

— Mwalimu alisema diama peke yake njo inakwaruza kioo?

— Sijui, koko. Sikumuuliza.

Akaenda kwenye ukuta wa ua, akabandua kipande cha jiwe la volkano, yale mawe tuliyojengea Goma nzima. Akachukua chupa tupu ya bia, akakwaruza. Mstari ukatokea vilevile.

— Basi ukuta wetu wote ni diama, mutoto wangu. Tutafute sentinele wa kuulinda.

Nilicheka na makamasi yangu. Yeye hakucheka. Alifuta kioo kwa kitenge mara tatu, kama vile mstari ungetoka, akasema yeye hakukaa shuleni hata siku moja, na mimi mwenye mwalimu mbele yangu ninanyamaza.

Jumatatu niliinua mkono. Nikauliza swali la koko, na wenzangu wakacheka kumsikia bubu akisema. Mwalimu akajibu kwamba vitu vigumu vingi hukwaruza kioo, hata jiwe la volkano, na kwamba almasi nyeusi yenyewe mara nyingi haing'ai. Jibu lilikuwa fupi hivyo.

Baba alitaka kubadilisha kioo, koko akakataa. Kwa hiyo picha utaikuta vile ilivyo. Usiogope, uso wa babu haukuguswa.

Mwanangu, uliza kabla ya kukandamiza. Kicheko cha darasa kinaisha kengele ikilia. Ule mstari bado naupangusa vumbi kila Jumamosi. Mungu akupe sauti yenye nguvu kuliko yangu, na akuwekee karibu mtu kama koko.