Mchanga wa Pwani

Udongo ukilowa kwenye chungu changu cha maua, harufu yake hunirudisha Likoni, uani kwetu, mbele ya debe la mafuta ya taa ambalo mama alilitoboa kwa msumari ili apande asumini.

Udongo mwekundu ulikuwapo, na samadi ya mbuzi ilikwisha kukauka. Ulibaki mchanga.

"Nenda kisimani kwa bibi ukachote ule uliooshwa na mvua," aliniambia kutoka mkekani, maana tangu mfungo uishe alikuwa hajiwezi. "Wa pwani una chumvi, utaniulia asumini. Ikichanua nitakufungia kikuba cha maua yake, unukie kama biharusi."

"Haya, mama."

Kisima kilikuwa mbali na jua lilikuwa kali. Nikachota wa pwani.

Mama aliuchanganya kwa vidole, akachoka, akapumzika, akachanganya tena. Kisha akatia chembe ulimini, kama alivyofanya siku zote. Nilibana pumzi.

"Alhamdulillahi," alisema. "Hauna chumvi hata kidogo."

Nikacheka kwa furaha ya kuponea. Asubuhi hiyohiyo alikuwa ameusukuma uji akilalamika kwamba hauna sukari, nami nilipoumalizia niliukuta mtamu kabisa. Sikujiuliza kitu.

Asumini iliungua majani kuanzia kingoni. Hata arubaini ya mama haikuifikia.

Tangu hapo sipandi kitu kabla sijaonja udongo wake. Huu wa leo nimeuonja mara tatu, na bado siuamini.