Nilimwondolea mama poste nikamwekea laptop aangalie TV: nililoficha na lililotupata

Wakuu, salamu kutoka Butembo. Kiswahili chetu cha huku mnakijua, nimejaribu kukinyoosha ili wote tuelewane. Haya ni ya nyumbani kwetu, sijatia chumvi. Mengine natamani yangekuwa uongo.

Naona nyuzi nyingi humu watu wanauliza namna ya kuangalia TV kwenye kompyuta. Wanajibiwa haraka haraka: chomeka hiki, pakua kile. Mimi nimepita njia karibu zote. Nitawaeleza, ila msirukie mwisho.

Nina secrétariat hapa mjini, yaani kibanda cha kuchapa barua, kutoa fotokopi na kutengeneza kompyuta za watu. Mtaani wananiita informaticien, mtaalamu wa kompyuta. Jina hilo lilinipanda kichwani, na uzi huu wote unatokea hapo.

Nyumbani naishi na mama. Alikuwa na televisheni ya zamani, ile yenye mgongo mkubwa, sisi tunaiita poste. Juu ya bati kulikuwa na antena ya meno meno, râteau. Poste ile ilikuwa inamaliza betri ya sola hata kabla habari hazijaisha vizuri, na kila nilipoilalamikia mama alijibu kwamba betri ni yake.

Mama si mtu wa filamu wala mpira. Kitu chake kilikuwa communiqué.

Kwa wasiojua: huku kwetu mtu akifariki, familia inapeleka picha ya marehemu kwenye televisheni ya mji. Baada ya habari za jioni picha inapitishwa, na msomaji anasoma: familia fulani ya Butembo, fulani ya Alimbongo, fulani ya Mbau, mnajulishwa. Ukisomwa jina, umeitwa. Usipofika, utaulizwa ulikuwa wapi.

Mama alikuwa anaketi mbele ya poste amejifunga kitenge vizuri, anasikiliza majina yote, hata ya watu asiowajua. Majirani walikuwa wanakuja kumuuliza nani kasomwa leo. Nilikuwa namtania, namwita directrice wa wafu.

"Cheka tu," alikuwa ananiambia. "Mutu akisomwa na hakuna mwenye anasikia, ni kama banazika imbwa."

Wakati huo mdogo wake, mama mdogo Kavira, alikuwa mgonjwa huko Beni, commune (kata) ya Beu. Kwa tumbo lao walikuwa wamebaki wao wawili tu. Barabara ya Beni, kuna siku inapitika na kuna siku unaahirisha. Basi walikuwa wanaongea kwa simu kila Jumapili baada ya misa, na kati ya Jumapili na Jumapili mama aliitegemea ile communiqué. Jina la Kavira lisiposomwa, analala vizuri.

Nilijua hilo. Naliandika mapema ili asiwepo wa kunitetea.

Sasa informaticien akaona laptop moja kazini imekaa bure, kioo kizima, haili umeme mwingi. Nikasema mama ataangalia TV humo.

Njia ya kwanza: clé TNT. Ni kidude kama flash, unakichomeka kwenye USB, unakiunganisha na antena. Nikatafuta chaneli, zikaja sita, picha safi. Televisheni ya mji haikuja. Baadaye ndiyo nilielewa kwamba kidude kile kinasoma digital tu, na televisheni yetu ya mji bado inarusha kwa analogique. Ningeuliza wenzangu ningeambiwa siku hiyo hiyo. Lakini informaticien anamuuliza nani?

Njia ya pili: internet. Televisheni ya mji ina ukurasa wake, kila jioni inaweka habari. Nikamtengenezea mama alama moja kwenye kioo, anabonyeza mara moja, habari zinafunguka. Sauti nzuri kuliko ya poste. Nikaona nimeshinda. Nikashusha râteau kwenye bati, poste nikampa jirani.

Communiqué hazikuwemo.

Kwenye ukurasa wanaweka habari tu, wanakata pale mtangazaji anapoaga. Nililiona hilo siku ya kwanza, wakuu. Siku ya kwanza kabisa.

Mama naye aliliona. Jioni ya tatu akaniuliza, "Muhindo, siku hizi batu hapana kufa?"

Nikamjibu, "Mama, communiqué ni mambo ya zamani. Sasa batu banajulishana kwa téléphone."

Nilisema uongo. Niliona haya kurudi kwa jirani kuomba poste niliyompa kwa mbwembwe. Mama akakubali. Akiambiwa jambo na mtu aliyesoma, mama anakubali, na mimi nilikuwa nimesoma kwa jasho lake.

Wiki chache baadaye simu yake ikazimika, nikaipeleka kwa fundi. Mimi mwenyewe nilikuwa nimebadilisha laini mwezi huo. Kule Beni namba yangu mpya alikuwa nayo mtu mmoja tu, mama mdogo Kavira.

Mnaona inakoelekea. Acha niandike hata hivyo.

Ilikuwa mchana, mama anachagua maharage mlangoni. Pikipiki ikasimama, akashuka Paluku, mtoto wa kwanza wa mama mdogo, vumbi hadi kwenye nyusi. Hakunisalimia. Akaenda kusimama mbele ya mama.

"Mama mukubwa, tulikungoja."

"Mulikuwa munaningoja juu ya nini?"

Paluku akanitazama mimi, kisha akamtazama yeye. Nadhani alikuwa amebeba hasira njia nzima kutoka Beni, na hapo ikamwishia.

"Mama yetu tulimuzika juzi. Communiqué ilipita siku tatu kwa televisheni ya hapa. Jina yako ndiyo ilikuwa ya kwanza."

Mama aliendelea kuchagua maharage. Mabovu huku, mazima huku.

Paluku akaeleza taratibu. Walipiga simu ya mama, haikupatikana. Hawakuhangaika sana, kwa sababu ukoo mzima unajua mama hapitwi na communiqué. "Tulisema amekwisha kusikia, ni barabara inamuchelewesha. Tuliacha sanduku wazi mupaka saa nane ili umuone. Kisha padiri akasema mvua iko inakuja."

Ndipo mama akainua kichwa. Hakumwangalia Paluku.

"Batu balikuwa banakufa tu, Muhindo," akasema. "Ni wewe ulibaficha."

Kesho yake tukapanda kwenda Beni. Ndugu wa ukoo walimpokea mama vizuri, lakini niliwasikia jikoni wanaulizana ni ugomvi gani huo wa kumfanya mtu asimzike mdogo wake. Nilitakiwa kuingia niseme ukweli. Nilisema siku ya pili, nikiwa nimesimama mbele ya wote, na mmoja mmoja wakainuka wakatoka nje. Afadhali wangenitukana.

Njia ya tatu, kwa wanaoitaka: kuna kiboksi cha USB cha analogique, ukikipata hakikisha umeuliza kwanza kama kinapokea masafa ya UHF na VHF. Nilikitafuta, nikakipata, nikarudisha râteau juu ya bati. Sasa kila kitu kinaonekana kwenye laptop, habari na communiqué, picha haitetemeki. Kazi ya nusu siku. Ningeifanya mwanzo tusingekuwa hapa.

Mama haangalii tena communiqué. Habari zikiisha anainuka anakwenda zake jikoni, na ninayebaki kusikiliza majina ni mimi. Nayasikiliza yote. Majirani bado wanakuja kuuliza nani kasomwa, na mama anawaonyesha kwa kidole kilipo kiti changu.

"Muulize huyu. Wafu ni yeye anabachunga sasa."

Funzo langu, kama ni funzo: mtu akikuambia anataka kuangalia TV, usianze na USB wala internet. Muulize anaangalia nini humo, na usipokiona kwenye mtambo wako mpya, mwambie hakipo. Neno "hakipo" halijawahi kuua heshima ya fundi. Mimi nililiogopa neno hilo.

Mwenye swali la kiboksi aulize, nitajibu. Mwenye kunitukana naye anakaribishwa, sitamripoti kwa mods.

Ila kabla hujaandika chochote: mama yako ana saa yake ya kuketi mbele ya poste? Anangoja nini pale? Kama hujui, acha uzi huu, kamuulize leo.