Popo Niliyempeleka Barazani

Naona haya kulisimulia hili, lakini kwa kuwa upande wetu wote wa Kisauni, huku jaani, washalisimulia kwa kutia chumvi (eti nilitoa popo kumi kwenye buibui, kumbe alikuwa mmoja, tena mdogo), afadhali mnisikie mimi mwenyewe niliyeaibika.

Jaa la kwetu halitulii pahali pamoja. Taka zikijaa linasogezwa, na kila likisogezwa miti inaangushwa, na popo waliokuwa wakilala kwenye miti hiyo wanahamia ile iliyobaki, mpaka mwaka huu ukasalia mmoja tu, mkwaju ulio nyuma ya nyumba ya Bi Rukia, wote wamebanana humo, na moshi wa taka ukiwafukiza mchana kutwa. Bi Rukia ni jirani yetu, mjane, anauza korosho za kukaanga, na korosho zenyewe anaziokota chini ya mkwaju huo huo, maana popo huzunguka mashamba ya watu, wakaja na mabibo mdomoni, wakala tunda na kuangusha korosho. Mti huo nao ulikuwa ukatwe, ila afisa wa taka wa kaunti alikuwa amekubali kwamba wakaazi wakisema barazani wanautaka mti, mpaka wa jaa utapindishwa uupite kando. Bi Rukia ndiye aliyechaguliwa kutusemea, na nusu ya mtaa ilikuwa imeshamwahidi kumuunga mkono. Kazi yenyewe ilikuwa imekwisha, wallahi, ilibaki kusema tu.

Basi asubuhi ya baraza nikamkuta popo mchanga chini ya mkwaju, bawa limezongwa na nyuzi za gunia zilizopeperushwa kutoka jaani. Nikazikata kwa mkasi wa kushonea. Akanitazama kwa yale macho makubwa, uso kama wa mtoto wa mbwa, moyo wangu ukayeyuka (mimi huyeyuka upesi, hata kuku wa sikukuu huwalilia), nikawaza kwamba watu wakimwona hivi karibu, nani atakuwa na ubavu wa kuukata ule mti? Nikampelekea Bi Rukia amwone.

Akasema, "Mishi mwanangu, huyo mrudishe shinani, atapanda mwenyewe. Maneno yangu yatosha."

"Haya, bibi," nikamjibu.

Na sikumrudisha. Nilimfunga kwa leso kifuani, ndani ya buibui, akalala kwa joto langu, nami nikaenda zangu uwanja wa madrasa nikijiona nishaokoa mji, nikakaa mkeka wa mbele kabisa, mkono nimeubana kifuani ili asiteleze.

Jambo moja sikulifikiria. Baraza kwetu halifunguliwi bila dua, na ustadhi wetu dua yake ni ndefu. Watu wote wakainua mikono, nami nikainua mmoja, ule mwingine nikaubakisha pale pale, mpaka Mama Zuhura aliyekaa ubavuni pangu akaninong'oneza, "Inua mikono, wewe, waomba nusu?" Nikauinua. Leso ikalegea. Nikamhisi anaamka, anapanda taratibu, shingoni, kidevuni, na watu ndiyo kwanza wanaitikia amin, akatokeza juu ya kichwa changu akakunjua mabawa.

Amin ikakatika katikati. Nikamdaka kwa hofu, akaniuma kidole, nikapiga kelele nikamrusha bila kujua ninamrushia nani, akanata kwenye shati la afisa, na afisa akaenda chini pamoja na kiti chake cha plastiki. Wanawake wakakimbia, mikeka ikakunjamana, wengine wakasoma kila aya waliyoihifadhi. Mzee mmoja akavua ndara ili amwokoe mgeni, akapiga mara mbili. Mara ya kwanza ilimpata afisa. Ya pili haikumpata afisa, ilimpata popo.

Walipotulia, Bi Rukia akasimama kusema maneno yake, na hapo pengine bado tungepona, lakini afisa alikuwa akinitazama mimi, kidole changu kinavuja damu kwenye leso.

"Wako wangapi hao, mtini?" akauliza.

Mimi, kwa akili yangu, nikadhani wakiwa wengi ndiyo watahurumiwa zaidi.

"Mamia, bwana," nikasema. "Tena wapole."

Hapakucheka mtu. Mama Zuhura akamvuta mwanawe karibu. Wale wale waliokuwa wameahidi kuutetea mti wakaanza kusema popo wana maradhi, watoto wanacheza pale, usiachwe hata wiki. Bi Rukia akabaki amesimama, mdomo umefunguka kidogo, kisha akajitanda leso yake vizuri akaketi. Hakulisema hata neno moja kati ya aliyoyapanga.

Tingatinga lilikuja siku ya nne. Mimi nilikuwa zahanati kwa sindano ya kidole (daktari alinikaripia, na haki yake, popo hashikwi kwa mkono mtupu), nikarudi nikawakuta popo wanazunguka kwenye jua kali hawajui pa kutua, wengine wameshika nyaya za stima, wengine wako chini kwenye taka, na kunguru wameshawafikia.

Bi Rukia hakunigombeza. Nikimpa shikamoo anaitika marahaba, na hiyo ndiyo yote, naye zamani hakuniacha nipite bila kunitilia korosho mkononi. Sasa korosho za kuuza ananunua sokoni.

Mtaani naitwa Mama Popo, nishazoea. Lakini nimejiapiza kwamba mtu mwenye maneno yake akitaka kunisemea, nitamwachia aseme, mimi nikae mkeka wa nyuma, mikono mitupu. Na juzi, nikitoka kazini, nimewaona popo saba wamejificha kwenye mti mmoja upande wa huku bara. Niliwahesabu mara mbili, kisha nikageuza uso nikapita kama sikuona kitu. Msiniulize ni mti gani.