Tulikwenda Kutembea Tu

Harufu ya nanasi lililoiva kupita kiasi, ikichanganyika na dizeli na dagaa wakavu, inanisimamisha popote inaponikuta. Imewahi kunisimamisha stendi ya Mpanda nikiwa na wageni wangu wa maana, watu wa kununua mchele kwa tani, mmoja akanishika bega akidhani nimepata kizunguzungu. Hakikuwa kizunguzungu. Ilikuwa meli. Ndivyo ilivyonuka meli ya Ziwa Tanganyika siku niliyoipanda mara ya kwanza nikiwa na miaka saba, na pua yangu haijasahau. Mimi ni mtu wa Makanyagio, hapahapa Mpanda. Nina mashine tatu za kukoboa mpunga, moja Kakese na mbili hapa mjini, nina duka la vifaa vya ujenzi Majengo na fuso mbili zinazofika mpaka Tabora. Vyote nimevitafuta kwa mikono hii, na shule yangu ni darasa la nne, tena hilo la nne lenyewe sikulimaliza. Sijisifu, mwenye shaka na akaulize. Nayasema haya mapema ili msomaji ajue kwamba anayeandika hapa si mtu wa kulialia.

Wakati huo tulikuwa tunaishi kijijini Kakese, na baba alikuwa analima tumbaku. Msimu ule tumbaku iliitika vizuri kuliko misimu yote niliyoikumbuka, ikakauka na rangi inayotakiwa, na baba akarudi kutoka mjini na redio mpya, kaptula ya kitambaa kigumu kwa ajili yangu, gauni la maua kwa mdogo wangu Tabitha aliyekuwa na miaka minne, na kofia ya sufu kwa Yona, ambaye alikuwa bado ananyonya na ndiyo kwanza ameanza kutembea. Halafu akatangaza, amesimama katikati ya uwanja ili na majirani wasikie, kwamba tunakwenda kutembea ziwani kwa meli. Jirani yetu Mama Regina akatoka na mwiko mkononi. "Nyie, kafa nani?" "Hajafa mtu," baba akasema, "tunakwenda kutembea tu." "Kutembea tu? Na watoto watatu, mmoja yuko kwenye ziwa la mama yake? Baba Zakayo, hiyo tumbaku umeiuza au umeivuta?" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, kwa sababu kweli, Kakese mtu alisafiri kwa msiba, kwa ugonjwa au kwa kesi. Mimi sikucheka. Nilimwona Mama Regina ni mshamba, na nikaanza siku hiyohiyo kuwatambia watoto wenzangu kwamba baba yangu ni mtu anayesafirisha watoto wake bila shida yoyote.

Tulifika Karema juu ya lori la magunia, vumbi jekundu mpaka kwenye kope, tukakaa ufukweni siku tatu tukiisubiri meli, maana meli ya siku zile ilikuja inapotaka yenyewe. Siku hizo tatu mama alizitumia kujiandaa kama mtu anayekwenda vitani. Alitafuta ndimu, kwa ajili ya kunusa mtu akichafukwa na moyo. Alipika uji mzito akaujaza kwenye chupa ya chai, akatafuta kopo la mafuta la kilo mbili liwe choo cha watoto, na mwisho akachukua kitenge chake kizuri, cha rangi ya manjano, akakipasua kwa urefu vipande vitatu. Nililia moyoni kwa ajili ya kile kitenge. Meli ilipokuja na tukapanda, alikataa kukaa chini kwenye joto pamoja na watu wa daraja la tatu, akachagua sehemu ya juu, katikati kabisa, mahali ambapo meli haichezi sana, akatandika mkeka. Kisha akatufunga viunoni mmoja baada ya mwingine kwa vile vipande, ncha ya pili akaifunga kwenye mkono wake mwenyewe. Mwanamke mmoja aliyekuwa na matenga ya nanasi akaangua kicheko. "Mama, hao mbuzi unawapeleka mnada gani?" Watu wote pale juu wakacheka, hata mimi. Mama alicheka kidogo, akainama kukaza fundo la Tabitha ambalo lilikuwa limekaza tayari.

Meli ni nzuri kwa mtu mzima. Kwa mtoto mdogo ni mateso, na kwa mama wa watoto wadogo ni mateso mara tatu. Kabla ufuko haujapotea machoni Tabitha alikuwa ameshatapika uji wote. Alilia, akanyamaza, akaliona lile ziwa kubwa lisilo na ng'ambo, akalia upya. Alimng'ang'ania mama shingoni, mtu asimguse, hata baba akinyoosha mkono anapiga kelele kama anachinjwa. Yona naye alitaka kutembea. Kila anapoinuka meli inamrudisha chini kwa makalio, anakasirika, anainuka tena. Mimi ndiye niliyekuwa mtu. Nilishika kopo. Nilikamua ndimu nikampakaza Tabitha chini ya pua. Nilimbeba Yona mgongoni nikizunguka mkeka mpaka pale kamba yangu inapoishia, halafu nageuka. Sikutapika hata mara moja, ingawa nilitaka sana; nilikuwa nayameza mate na kuhesabu misumari ya kwenye sakafu. Baharia aliyepita na ndoo akasimama akanitazama. "Dogo, wewe unafaa kuwa kapteni." Yule mwanamke wa nanasi akanikatia kipande kikubwa. Na baba, aliyekuwa amekaa na redio yake mapajani, akamwambia mama maneno ambayo niliyashika kama mtu anavyoshika cheti: "Huyu hasumbui. Huyu popote anakaa." Mama akanitazama. Mimi niliketi wima zaidi, nikakaza shingo.

Kesho yake, jua likiwa utosini, meli ikapiga honi mbele ya kijiji kimoja cha huko juu, upande wa Kigoma. Hapakuwa na gati. Katika vijiji vile meli ilisimama majini, na maboti ya mbao yakaja kwa kasia kuikumbatia, watu wakawa wanapanda na kushuka kwa wakati mmoja, magunia yanatupwa, kuku wanalia, matusi ya kila kabila. Utaratibu wa kushusha watoto ni kuwapokezana: mtu wa juu anamshika mtoto kwapani, anamning'iniza, mtu wa chini anampokea, na mtoto ndiye anayetangulia ili mama apate mikono miwili ya kushikia ngazi. Hilo nilikuwa nimeshaliona kwenye vituo vya nyuma, nalijua. Kwa hiyo mama alipofungua fundo la kiunoni kwangu na kusema, "Tangulia, baba," nilijua maana yake ni kwamba wao wanafuata. Nilitangulia. Nilijitoa mwenyewe, bila hata kusukumwa. Baba akaninyanyua, akanishusha, na mwanamke mnene aliyesimama kwenye boti akanipokea na kunikandamiza kifuani. Kikafuata kifurushi changu. Nikaangalia juu nikisubiri gauni la maua la Tabitha. Boti likaanza kuondoka.

Nikawaambia wapiga kasia, "Bado mama." Hawakusikia. Nikapaza sauti: "Jamani, bado mama! Mmewasahau!" Honi ikalia. Niliiona meli ikianza kujigeuza, maji yakichemka nyuma yake, na pale juu nilimwona mama akiwa ametupa mgongo, Yona begani, na baba akiwa ameshika chuma akinitazama. Nikamwonea huruma baba. Nilidhani meli imemchukua. Nikawatukana mabaharia matusi yote niliyoyajua kwa kuiba familia yangu, na watu kwenye boti wakacheka, si kwa ubaya nadhani, mmoja akasema, "Haka katoto kana mdomo!" Yule mwanamke hakucheka. Alikuwa shangazi yangu, dada yake baba, ambaye nilikuwa namjua kwa jina tu.

Kila meli ilipopita nilikuwa wa kwanza ufukweni. Niliwaambia watoto wa pale kwamba wazazi wangu walipitilizwa kwa makosa, kwamba baba ana redio, na kwamba ikifika safari hii atashuka. Nikapanga hata mahali pa kusimama ili nimpokee Yona. Meli ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ya tatu ilipopita shangazi akanifuata kwenye mchanga, akakaa chini kwa shida, maana alikuwa mzito, akaniambia, "Zakayo, hawakusahauliwa. Uliletwa. Mimi sikujaliwa mtoto, na kwetu dada akiomba mtoto kwa kaka yake, kaka hanyimi. Hawakukuaga kwa sababu mtoto akiagwa anashika nguo za watu." Sina ubaya na shangazi. Alinipa samaki mkubwa kuliko wa mumewe. Lakini mumewe alikuwa na biashara ya dagaa, na nilipofika darasa la nne akaona mikono yangu inafaa kuanika kuliko kuandika.

Nikiwa na miaka kumi na sita nilirudi Mpanda juu ya magunia ya dagaa yaliyokuwa ya kwangu, na kutoka hapo habari yangu mji mzima unaijua. Baba alikuwa ameshafariki. Mama alinipokea kwa vigelegele, na sikumuuliza kitu. Sikuona haja, kwa sababu jibu nilikuwa nalo nimejitengenezea: mimi ni mtoto wa kwanza, mtoto wa kiume, shangazi aliomba mtoto na baba akampa aliye bora. Hivyo ndivyo nilivyosimulia kwenye harusi na vikao, nimeshika kipaza sauti, na watu wakapiga makofi. Nilimjengea mama nyumba Kakese, ya tofali za kuchoma na bati la rangi. Tabitha nilimsomesha mimi mpaka akawa mwalimu. Hata yeye ananiita "kaka tajiri."

Mwaka huu watoto wangu walipofunga shule nikaamua kuwapandisha meli. Kutembea tu, hatuna shida na mtu. Nikaenda Kakese kumchukua mama. "Mama, safari hii utalala kwenye kitanda, daraja la kwanza." Alikuwa anapeta mchele. Akasema hapandi. Nikabembeleza, nikatania, nikasema ataniaibisha kwa mke wangu. Akaweka ungo chini. "Baba, mimi ile meli sipandi tena. Aliyekuwa anapelekwa siku ile si wewe." Nikacheka, nikadhani ni uzee. "Shangazi yako aliomba wa kike. Tulitoka hapa tunampeleka Tabitha. Wewe tulikuchukua unisaidie watoto njiani. Sasa Tabitha si ulimwona? Alilia safari nzima, aliniganda. Wewe ukatulia. Baba yako akasema huyu hasumbui, huyu ndiye ataweza kukaa kwa watu. Na mimi nikaona kweli." Akauchukua ungo wake. Mimi nilikuwa nimesimama na funguo za gari mkononi, mtu mzima mwenye mvi ndevuni, na nilitamani nirudi kwenye ule mkeka nitapike.

Nilikwenda na wanangu hivyohivyo. Karema siku hizi ina gati, mtoto anapanda meli kwa miguu yake. Tulikuwa na chumba chenye kitasa, pampasi, maziwa ya boksi, katuni kwenye simu, na mke wangu hakupasua kitenge chochote. Mdogo alikimbia ovyo, wa kati alilia na kutapika juu ya viatu vyangu. Mkubwa, Baraka, mwenye miaka sita, alikaa pembeni kimya, amemshika mdogo wake mkono, anampulizia uji. Bibi mmoja wa heshima tu, tuliyekuwa tunakula naye meza moja, akamsifia. "Mzee, huyu umelea. Nipe huyu nikakae naye." Huo ni utani, kila mtu katika nchi hii anautania, nimewahi kuutania mimi mwenyewe. Nilimjibu yule bibi maneno ambayo siwezi kuyaandika. Mke wangu akaniambia kwa sauti ya chini, "Baba Baraka, una nini lakini?" Nikamshika Baraka mkono nikatoka naye nje, nikasimama naye, na baada ya muda mrefu akasema, kwa adabu yake ileile, "Baba, unaniumiza." Nilikuwa simwumizi kwa makusudi. Hata vidole kuvilegeza nilivilegeza kimoja kimoja.

Nikipima, baba alikuwa na msimu mmoja wa tumbaku na mimi nina kila kitu. Sisi wote wawili tuliwapeleka watoto ziwani. Tuliporudi tulipitia Kakese, kwa sababu watoto walitaka kumwona bibi yao. Alisimama mlangoni akiwatazama wakishuka garini. "Mmerudi wote?" akauliza. "Wote, mama," nikamwambia. "Mimi sijamwacha mtu." Nilitaka limfike, na lilimfika, nililiona linavyomfika. Kisha akasema, "Haya baba, waingize ndani wakale." Alikuwa amepika ugali na kisamvu cha karanga, kama anavyojua ninavyopenda. Nikakaa, nikala mpaka nikamaliza sahani, na sikumwambia kwamba kilikuwa kitamu.